Nusu Hatua Kabla ya Do

Mama yangu alikufa kidole chake kikiwa kwenye ti. Sisemi hivyo ili kuchekesha. Ilikuwa saa kumi alasiri, wakati wake wa darasa, naye alikuwa amepanda ngazi ya sauti mbele ya wanafunzi wapya: do, re, mi, fa, so, la, ti. Kisha akanyamaza, kama alivyonyamaza siku zote, ili mwanafunzi mwenye zamu ajibu do. Mwanafunzi akababaika, akangoja kukaripiwa. Karipio halikuja. Alipoinua macho akamwona mwalimu amelaza shavu juu ya vitufe vya kinanda, macho wazi. Watoto wa watu walitoka mbio, wengine wakaacha viatu mlangoni. Do haikujibiwa.

Mama alifundisha wanaoanza tu. Waliokwisha kujua muziki hakuwataka. Alisema wana majivuno na kucha ndefu. Darasa lake lilikuwa sebule yetu. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi majumba, alimchorea ukutani mistari mitano myeusi, imenyooka kwa kamba na timazi, na mwanzoni ufunguo mkubwa uliojikunja kama sikio. Hapo Mama alibandika noti za karatasi ngumu, nyingine juu ya mstari, nyingine kwenye nafasi, akieleza ipi ya kushikilia na ipi ya kupita upesi. Alikuwa na alama ya pumziko pia. Akiifikia, darasa zima lilinyamaza naye, na ole wako ukohoe. "Kimya nacho kina urefu wake," alisema. "Kihesabu."

Lakini somo la kwanza halikuwa mistari wala noti. Lilikuwa hilo la kujibu. Aliwaambia kwamba ti haiwezi kukaa peke yake, inalilia do, na asiyeamini aimbe ti kisha anyamaze, aone kama atakunywa chai kwa raha. Kila mmoja alisimama kando ya kinanda kwa zamu yake. Ukijibu vibaya, Mama aligonga kifuniko kwa pete yake mara moja: bado, kesho urudi. Ukijibu sawa aligonga mara mbili: nenda nyumbani. Hakukuwa na sifa wala tabasamu. Na jibu la mwenzio halikukusaidia kitu, hata mkiwa mapacha. Kila mtu alijitoa darasani kwa do yake mwenyewe.

Mimi, binti yake wa pekee, sikupata kugongewa mara mbili. Nilianza nikiwa sijaota upya meno ya mbele, nikagongewa moja, moja, moja, mpaka siku moja akafunga kifuniko akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa. Nenda kajifunze kushona." Nikaenda. Nikawa fundi cherehani, tena fundi hasa. Hakuna bibi harusi wa mtaa huu aliyepita mikononi mwangu akalalamika. Cherehani yangu niliiweka chumba cha pili, ukuta mmoja na darasa, na kwa miaka yote hiyo nilisikia watoto wa wenzangu wakigongewa mbili zao. Iliniuma. Hata siku ya maziko yake, ninamlilia na huku bado inaniuma.

Waombolezaji walipotawanyika tulibaki watatu sebuleni: mimi, Baba, na Mjomba, kaka mkubwa wa Mama. Tulikuwa tunakunywa chai. Ilipogonga saa kumi, kinanda kikalia.

Kifuniko kilikuwa kimefungwa, na juu yake nilikuwa nimeweka sinia la vikombe. Ngazi ikapanda polepole, kwa kasi ileile ya Mama, do, re, mi, mpaka ti. Kisha kimya. Nimekaa na vimya vingi maishani, lakini kile kilikuwa na uzito. Mvuke wa chai ulisimama juu ya kikombe changu. Sisemi ulikwisha, ulisimama. Pumzi ikanibana kifuani, ikakataa kushuka na ikakataa kutoka.

Mjomba, ambaye Mama alimtumia kujifunzia ualimu tangu wakiwa wadogo, akajibu "do" bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia salamu. Sauti yake ilikuwa safi.

Ko-ko.

Mvuke ukaondoka. Mjomba akacheka na kulia kwa pamoja. "Mdogo wangu huyo!" akasema. "Yuko kaburini na bado ana darasa!" Akaaga, akaenda kwake. Wanawe walituambia alivua kiatu kimoja, na cha pili hakukifikia. Alikuwa mzee, mfukoni ana vidonge vya presha, na daktari akasema ni moyo. Nikajiambia ndugu hufuatana.

Kesho yake saa kumi, ngazi ikapanda tena. Safari hii Baba akasogeza kiti, akakaa mahali pa mwanafunzi, akajibu. Akakosea. Ko, mara moja, na pumzi zetu zikarudi. Kesho yake vilevile. Baba hakusema neno juu ya jambo hilo, na mimi, ambaye mdomo wangu haujui kufungwa, sikujua nianzie wapi.

Nilichokijua ni kuuza. Nikaita watu wa hoteli moja, wakakibeba kinanda kwa jasho na matusi, wakaacha sakafuni alama nne za magurudumu. Baba aliwatazama tu. Saa kumi ilipofika, sauti ikatoka palepale, katikati ya alama nne, mahali patupu. Baba akajibu vibaya, na ikagongwa ko, mbao juu ya mbao, na mbao hakuna. Nilikaa chini nikashika kichwa.

Kuikimbia nyumba nako hakukusaidia. Siku moja tulikuwa kwenye foleni hospitalini kwa ajili ya kikohozi chake, tumejipangia tuwe mbali na nyumba. Ngazi ikaja hukohuko. Watu wengine walikuwa wanapiga soga na kutafuna karanga, hawakusikia kitu. Mimi na Baba tukabanwa pumzi kwenye ti, mpaka akapaza sauti mbele ya watu wote na kuimba. Nesi akamtazama juu ya miwani. "Mzee, subiri zamu yako," akasema. Benchi tulilokalia likagongwa mara moja, na nikapumua.

Baba alikuwa anakwisha. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, si sauti. Shati nililomshonea kabla ya msiba lilikuwa linaning'inia mabegani kama limetundikwa ukutani. Kila alasiri baada ya kujibu alibaki kitini muda mrefu, jasho likimtiririka, na chakula alikigusagusa tu. Mimi nikatunga maelezo yangu: Mama hawezi kupumzika kwa sababu do yake haijapatikana, na Baba maskini, sikio limezeeka, anakosea kila siku, nao wawili wanachoshana. Akitokea mtu wa kujibu sawa, Mama atalala na Baba atakula. Mjomba nilikuwa nimeshamsahau katika hesabu hiyo. Na katika nyumba ile mtu aliyebaki alikuwa mimi, mwenye sikio la kufa.

Nikaenda kwa Besi. Huyu ni fundi wa kuchomelea mageti, mwanafunzi wa zamani wa Mama, na jioni huongoza kikundi cha waimbaji. Tunamwita Besi kwa sababu akikusalimu hata sufuria zinaitikia. Nikamwambia nataka kujifunza do. Sikumwambia kwa nini.

"Wewe?" akasema. "Mtoto wa mwalimu mzima?"

"Nicheke ukimaliza kunifundisha."

Hakucheka. Alikata vipande vya bomba, kila kimoja kifupi kuliko kilichotangulia, akavining'iniza kwenye waya, akanipa msumari nivigonge. Bomba refu lilitoa sauti nzito, bomba fupi sauti nyembamba. "Hii ni ngazi," akasema, "lakini vipandio vyake havilingani. Do mpaka re ni hatua nzima. Re mpaka mi, nzima. Mi mpaka fa ni nusu. Kumbuka kinanda cha mama yako: kati ya mi na fa hakuna kitufe cheusi. Halafu fa, so, la, ti, zote nzima. Na ti mpaka do ya juu?"

"Nusu," nikabahatisha.

"Nusu. Ndiyo maana ti haitulii. Mlango inauona, haijaingia tu. Fumba macho. Gonga ti. Usiimbe. Sikiliza inataka kwenda wapi."

Nilienda kwake siku nyingi, nikirudi na vumbi la chuma kwenye nyusi. Siku moja nikagonga ti, nikafumba macho, na kabla sijafungua mdomo nikaisikia do, iko pale, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Nikaiimba. Besi akagonga bomba la mwisho. Ilikuwa ileile.

"Nani alikuambia sikio lako ni bovu?" akauliza.

"Mama."

Akazima mashine yake. "Basi ulikuwa unaogopa," akasema. "Mwenye hofu husikia moyo wake tu." Nililia palepale katikati ya mabomba, mwanamke mzima. Besi akajifanya anatafuta glavu zake.

Sikio likishafunguka halifungiki. Alasiri hiyo nilimsikiliza Baba kama ambavyo sikuwahi kumsikiliza. Ngazi ikapanda, ikasimama kwenye ti, na Baba akajibu ti. Ileile, bila kupungua wala kuzidi. Kesho yake nikasikiliza tena: ti. Anayekosea kwa uzee leo hupanda, kesho hushuka, keshokutwa hupotea kabisa. Baba alikuwa anakosea mahali pamoja, kwa ustadi, kama anavyonyoosha mstari ukutani. Alikuwa anajua do, na hataki kuitoa.

Hasira ikanipanda. Kumbe anamshikilia! Anamnyima mke wake usingizi ili abaki naye, na mwenyewe anakonda, na mimi namchemshia supu anayowapa paka! Nikaamua kesho yake nijibu mimi.

Saa kumi nilisimama kando ya zile alama nne, mbele ya kiti chake. Alidhani namletea maji. Ngazi ikapanda, do, re, mi, fa, so, la, ti. Vumbi lililokuwa linacheza kwenye mwanga wa dirisha likasimama hewani. Nikajaza kifua. Do ilikuwa tayari, ninaisikia, tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kukiweka mdomoni.

Baba aliuona mdomo wangu. Mume wa mwalimu amekwisha kuona midomo mingi. Anaijua inayokaribia kupata. Aliruka kutoka kitini, mzee yule asiyeweza kufunga vifungo vyake mwenyewe, akanifumba kinywa kwa kiganja kilichokuwa bado kinanuka rangi, na juu ya kichwa changu akapaza sauti: ti.

Ko.

Tulianguka wote wawili sakafuni.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

"Besi. Baba, mwache Mama apumzike. Najua unafanya makusudi."

"Mjomba wako alijibu sawa."

"Mjomba alikuwa na presha."

"Mjomba wako aligongewa mara mbili. Mara mbili katika nyumba hii maana yake nini?"

Nikalikumbuka darasa la Mama. Nenda nyumbani. Maana yake mwanafunzi amemaliza, achukue viatu vyake aende.

"Unadhani anayeondoka ni mwalimu," Baba akasema. "Ulimwona lini mwalimu akaondoka darasani? Anayeondoka ni aliyejibu."

"Kwa hiyo Mama anataka kutuua?"

"Mama yako hataki lolote. Anafundisha. Hajui kama amekufa, na nani wa kumsahihisha yule?" Akacheka kidogo, kikohozi kikamkata. "Mimi ningekwisha kujibu siku ileile ya kwanza. Nimemkumbuka mno. Lakini nikijibu mimi, zamu inayofuata ni yako, na wewe ungebaki na nani? Nilikuwa najifariji kwamba angalau una sikio bovu. Kila siku nilimshukuru Mungu kwa sikio lako, mwanangu. Na wewe ukaenda kulitengeneza!"

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote.

Tangu siku hiyo tukapokezana. Ilikuwa zamu moja kwa siku, ya yeyote aliyewahi, nami nikajitahidi kuwahi mimi ili Baba apumzike. Hapo ndipo nilipojua alikuwa anabeba nini. Kukosea usipojua ni rahisi, nimekufanya utoto mzima. Kukosea huku unajua ni kuzuia chafya mlangoni mwa pua. Do inakuita, mwili mzima unainama upande wake, na wewe unajikaza ubaki ulipo, nusu hatua nje. Nikishajibu nilijitupa kwenye kiti cha Baba.

Kitanda cha Baba tukakihamishia sebuleni, chini ya ile mistari mitano. Kikohozi kikawa hakimwachi. Adhuhuri moja alinishika mkono nilipokuwa namlisha.

"Leo niachie zamu," akasema.

"Hapana."

"Nimechoka kukosea. Kukosea makusudi ni kazi kubwa kuliko kupaka dari."

"Nitawahi mimi. Utafanya nini?"

"Utawahi," akakubali. "Na kesho utawahi. Mimi nitabaki hapa nakohoa na mama yako yuko pale, nusu hatua. Hujawahi kumwonea mtu huruma wewe?"

Nilitoka kwa hasira, nikapiga pasi nguo za watu. Kisha nikarudi nikamwosha, nikamkata kucha, nikamvalisha shati nililokuwa nimelipunguza limkae sawa.

Saa kumi ngazi ikaja, polepole kuliko nilivyowahi kuisikia, kila noti ikikaa mpaka nyingine iionee haya. Ikafika ti. Nami nilikuwa na ti yangu tayari kooni, ya kuiba zamu. Baba hakuimba. Alinigeukia, pumzi imembana, akaningoja mimi. Alikuwa anaomba ruhusa, baba yangu, kwangu mimi. Nikabana midomo, kama ninavyobana nikiwa nimeshika pini, nikatikisa kichwa kumkubalia.

Akaimba do. Ilikuwa ndogo na haikuwa na mbwembwe, lakini ilikuwa mahali pake.

Ko-ko.

Uso wote ulimlegea. Akasema angependa chai, ya rangi, sukari nyingi kwa kuwa Mama hayupo kumwona. Nikaenda kubandika maji. Yalipochemka nilikuwa nimebaki peke yangu.

Tulimzika karibu na Mama. Kesho yake nilirudi kazini, maana bibi harusi hangoji matanga ya fundi. Nilikuwa napinda ukingo wa gauni saa kumi ilipotimia. Ngazi ikapanda ng'ambo ya ukuta, na sindano ya cherehani ikasimama ndani ya kitambaa. Nikainuka, nikaingia sebuleni, nikasimama mahali pa mwanafunzi. Hakukuwa na wa kuniwahi tena. Kwenye kile kimya, nyuma ya mahali Mama hukaa, nilisikia mtu akikohoa taratibu na kujizuia, kama anayejua kwamba darasani hawakohoi.

Nilikuwa na do. Sijawahi kuwa nayo safi vile. Kule kugongewa mara mbili nilikokutamani tangu utoto kulikuwa nusu hatua mbele yangu, na Mama mwenyewe ndiye angenigongea, na angejua kwamba sikio langu halikuwa la kufa. Nilisimama hapo mpaka macho yakaanza kuingia giza kwa kukosa pumzi. Kisha nikalikumbuka gauni, mkono mmoja haujashikizwa, na mtoto wa watu anaolewa Jumamosi.

Nikaimba ti, safi, bila kuyumba.

Ko.

"Sawa, Mama," nikasema. "Kesho." Nikarudi kwenye cherehani.

Siku hizi sikatai kazi. Watu wananisema kwamba nimekuwa na tamaa, napokea vitambaa kuliko mikono yangu, na ni kweli kabati limejaa. Lakini kila alasiri kabla ya saa kumi naangalia kwanza kama kuna nguo ya mtu ambayo haijaisha. Ikiwa zote zimeisha, nafumua moja.